Kwa Niaba ya Zebedayo

Mzee Zebedayo alipoingia kwa mlango wa mbele, Atuganile alitokea wa nyuma, mtoto mgongoni, akapotelea kwenye mahindi. Ugali aliokuwa akiusonga akauacha motoni.

"Ameniona?" mzee aliuliza.

"Amekuona," alijibu mkewe, Enesi, akiushika mwiko. "Ndiyo maana hayupo."

Walimu hao wastaafu wa Iyula walikuwa wametumwa na kanisa lao kukaa Chapwa, pale Tunduma, wiki nzima, kuwasaidia waumini kutafuta mababu zao na kuwaingiza kwenye kompyuta. Kazi ilikwenda vizuri. Watu walitoa mababu mpaka wa ng'ambo, Zambia. Nyumba iliyomshinda mzee ilikuwa ya Atuganile tu, binti wa kutoka Ileje. Enesi akienda peke yake, wanapiga soga hadi chai inapoa. Mzee akitokeza tai tu uani, binti hayupo.

Mzee akaanza kujishuku. Alibadilisha tai. Aliacha vitunguu swaumu. Jumatano alipiga mswaki mpaka ufizi ukatoa damu, na bado mahindi yakammeza yule binti.

Siku hiyohiyo kompyuta nayo ikagoma. Damiano, mtoto wao aliyekuwa chuoni Kitwe, ndiye aliyezoea kuwaelekeza kwa simu, na simu yenyewe hakupokea.

"Yuko kwenye mitihani," Enesi alisema. "Mwache asome."

Alhamisi Enesi akaja na mbinu. Atuganile alikaa ndani, nyuma ya pazia. Mzee aliwekwa uani kwenye kigoda, kaupa mlango mgongo. Enesi mwenyewe akasimama katikati kama mkalimani wa mkutano wa injili.

"Tuanze na upande wa mume wako," alisema. "Baba mkwe anaitwa nani?"

"Jamani mama, kwetu mke hataji jina la mkwe wake. Mume wangu akirudi atawaambia. Lori lake limekwama Nakonde."

"Basi tuonjeshe kidogo, tutabuni wenyewe."

"Limo kwenye Biblia."

"Nuhu," mzee alitupia kutoka uani.

"Hapana. Huyu alikuwa kwenye mashua na watoto wake wawili. Wakaitwa, wakaondoka, wakamwacha na nyavu zake."

"Yona," alisema mzee, aliyefundisha somo la dini miaka na miaka.

Enesi alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba Damiano, ni wewe huyo."

Ndipo mambo yakaeleweka. Kwa kina Atuganile, mke hakai mahali pamoja na baba mkwe, na mtu mwenye jina la mkwe anakwepwa vilevile. Mzee akashusha pumzi. Kumbe siyo mdomo, ni jina. Akaulizia kama vitunguu swaumu bado vipo.

Lakini sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa imeshuka. Jumapili mtoto alitakiwa kubarikiwa kanisani na kupewa jina la babu yake. Tatizo, huyo babu hakujua kuwa ana mjukuu, wala kuwa ana mkwe. Kijana wake alioa kimyakimya, na mpaka leo anamwogopa. Na bila babu kuridhia kwa kinywa chake, jina halitolewi.

"Mama, muulize mzee. Angekuwa ni yeye, angekasirika?"

"Ningekasirika sana," mzee alijibu. "Mpaka chakula cha jioni."

"Na kijana, angemchapa?"

"Kijana ana lori, mimi nina magoti mabovu. Nitamkamatia wapi?"

"Muulize tena, mama. Hawezi kuja kugeuka?"

"Huyu?" Enesi alisema. "Akishatamka, katamka. Mimi nimeolewa kwa neno alilolisema akiwa na homa."

Pazia likatikisika. "Basi naomba aliseme. Wima. Mtoto asikie."

Mzee akasimama, akanyoosha tai. Kumsamehe mtoto wa mtu mwingine ni kazi nyepesi, naye aliifanya kwa ukarimu.

"Mimi Zebedayo," alisema, akiyahutubia mahindi, "kwa niaba ya Zebedayo mwenzangu popote alipo, mkwe nimempokea, kijana nimemsamehe, na mtoto nimempa jina langu. Atakayeuliza, aje kwangu."

Vigelegele vilivyotoka nyuma ya pazia vilifukuza kuku jikoni. Mzee mwenyewe alishangaa. Hakujua kumbe anahubiri vizuri kiasi hicho.

Jumapili mtoto akabarikiwa, akaitwa Zebedayo. Baada ya ibada chakula kililiwa uani kwa Atuganile. Mwenyewe alibaki jikoni, akapitisha sahani kwa mkono wa Enesi bila kutokeza hata pua. Mzee alimpakata mtoto, akimfundisha kushika tai.

"Hebu mtazame," Enesi alisema. "Kumbe jina nalo linaambukiza masikio."

"Wivu tu, mama Damiano. Huyu ni somo wangu."

Lori likasimama barabarani. Dereva akaruka chini, mkate kwapani, akaja anapiga mluzi mpaka katikati ya uwanja. Hapo akamwona aliyempakata mwanawe. Mluzi ukakatika, mkate ukaanguka.

"Shikamoo, baba," alisema Damiano. "Chuo tumefunga."