Kompyuta ya Bi Fadwa Yaugua Tena

Bi Fadwa alingoja mpaka mwanawe aliposhuka ngazi kwenda kwenye duka lake la dawa. Ndipo akavaa miwani, akaketi mbele ya kompyuta ya sebuleni, akaanza kuiharibu.

Dirisha likamzukia kwenye kioo cha mashine likimpongeza kwa kushinda gari. Akalibonyeza. Jingine likamwomba apakue saa ya bure ya kupamba kioo. Akakubali. Akakubali na mchezo wa kupika, na nyota za wiki, na kitu fulani kilichoandikwa Kirusi. Kufika adhuhuri mashine ilikuwa ikihema kama mbuzi aliyepandishwa mlima, na ukurasa mmoja ukichukua muda wa kuchemsha kahawa. Hapo akampigia simu Rudayna.

Rudayna alikuwa fundi wa kompyuta mwenye duka mtaa wa pili, hapo hapo mjini Irbid, na wanawake walimpenda kwa kuwa huja majumbani. Mara ya kwanza alipokuja, Bi Fadwa alitazama vidole vyake vikikimbia kwenye vitufe, akamtazama na usoni, akasema moyoni kwamba Mungu amemleta mke wa Muntasir mpaka sebuleni. Bi Fadwa alikuwa mjane, na Muntasir alikuwa mwanawe wa pekee, amevuka thelathini, na kila msichana aliyetajiwa alimwona na kasoro. Tangu siku hiyo kompyuta haikupata afya.

"Imerudia tena, khalati?" Rudayna aliuliza alipofika, akimwita mama mdogo kwa heshima.

"Sijui ina nini, binti yangu. Mimi hata siigusi."

Rudayna akatabasamu, akaanza kung'oa. Aliondoa programu zilizojialika, akazizima zile zinazoamka pamoja na mashine, kivinjari akakisafisha mpaka kikarudi kama kipya. Kisha akafika kwenye vifuatiliaji. Akaeleza kuwa hivyo humnusa mtu kila anakopita mtandaoni, halafu humletea matangazo ya kile anachokitamani. Alipokwisha kusema hivyo akasita, macho kwenye kioo. Matangazo yote yalikuwa ya kumbi za harusi, bangili za dhahabu na mapazia ya chumba cha maharusi.

Uso wa Bi Fadwa ukaiva. Akasema hayo ni mambo ya moyo tu, siku yake ikifika yatajulikana.

"Itafika, inshallah," Rudayna alisema kwa upole, akaendelea kufuta.

Kutoka hapo mazungumzo yakanoga. Bi Fadwa, kama mzazi yeyote anayepeleleza ukoo kabla ya posa, alimwuliza baba yake yu hali gani, ni mkali au mpole, hupenda chakula gani, na nani humpikia tangu alipofiwa na mkewe. Rudayna alijibu yote bila kuchoka. Naye akauliza yake: kama ngazi zinamsumbua Bi Fadwa magoti, kama hulala mapema, kama chumvi hutia nyingi au kidogo.

Muntasir aliporudi kula, mama yake alimpa sinia ya chai apeleke sebuleni, yeye akabaki jikoni ametega sikio. Alimsikia binti akiuliza mama hushinda na nani kutwa nzima. Bi Fadwa akafurahi kimya kimya. Msichana mwenye akili humpima kwanza mama mkwe. Kisha sauti zikashuka zikawa minong'ono, na Muntasir akacheka kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia kwa muda mrefu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, mlango uligongwa, ingawa kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa Rudayna, bila mkoba wa kazi, gauni limepigwa pasi, mikononi ameshika sinia ya kunafa, keki tamu ya moto, jibini lake bado linavutika. Muntasir akatoka chumbani na shati jeupe ambalo hakuna aliyemwambia avae. Bi Fadwa akamsogezea Rudayna kiti.

"Khalati," Rudayna alisema, "kompyuta hii unaiharibu mwenyewe. Nimejua tangu mara ya pili."

Bi Fadwa akainamisha kichwa.

"Na sababu pia naijua. Usione haya. Mimi nimeridhia, na Muntasir nimemwuliza, naye ameridhia."

Machozi yakamlenga mama wa watu. Akamkumbatia binti, akamwita mwanangu, akamwambia nyumba hii ni yao tangu leo.

"Basi nimwite baba apande," Rudayna akasema, akijifuta naye macho. "Yuko chini kwenye gari tangu tulipofika, anafunga tai na kuifungua. Anaogopa utaikataa posa yake."