Mbegu za Boga Lenye Madoa

Mlimani, ambako kwa unyevu nguo hukaukia mwilini tu, aliishi Nungunungu, mkono wa birika. Jirani yake Kindi alipomwomba mbegu, alimkwangulia za boga bovu lenye madoa, kisha akalificha ganda lake.

"Chukua, dada. Boga ni boga."

Zake, za boga nono, alizitia kibuyuni zikiwa mbichi, akakiziba kwa nta na kukilalia, asije akaibiwa.

Mvua za kupandia zikaanza. Alipokizibua kibuyu, alikuta ukungu na uji mweusi. Akakimbilia kwa Kindi.

"Jirani, wanangu watakufa njaa. Nigawie hata konzi moja!"

Kindi akaangua kifurushi kilichoning'inia juu ya meko. Mbegu zilikuwa kavu, zikilia kama njuga.

"Ni zile ulizonipa; sikuzipanda. Ganda ulilolificha nililiona. Nimekukaushia tu. Chukua, kaka. Boga ni boga."

Nungunungu akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru.