L Laini

Simu iliita, Saquina akiwa ndani ya eda. Mumewe aliuawa kwenye barabara ya kwenda kijiji cha Awasse, na asubuhi hiyo wanaume walikuwa uani wakimsomea khitma.

"Pokea, lakini sauti isitoke nje," mama mkwe alinong'ona. "Mjane hasikiki na wanaume, mwanangu. Ikitoka, hapa kwangu hukai."

Aliyepiga alikuwa mwalimu wa Kirusi. Saquina akifaulu mtihani wa matamshi leo, angekwenda Urusi kusomea uuguzi; akishindwa, nafasi angepewa mwingine. Tangu msiba alikuwa akijifunza kwa kunong'ona tu, mgongo wa ulimi ukipanda kaakaani kwa L laini, ukishuka kwa L ngumu.

Akalinong'ona neno aliloulizwa.

"Sikusikii, dona Saquina," mwalimu alisema kwa Kireno. "Laini na ngumu kwangu zote sawa. Mara ya mwisho, na kwa sauti."

Saquina alimtazama mama mkwe. Akaubandika ulimi kaakaani, akaitoa L laini kwa sauti yake yote.

Uani, kisomo kikakatika.

"Safi," mwalimu alisema. "Sasa ile ngumu."

Mama mkwe alikuwa ameshaanza kumkunjia nguo zake.