Makofi Mawili

Bi Eufrasia, mwalimu wa dansi ya baleti, alipopiga makofi mawili, walisimama wawili: Sikudhani kwa ncha za vidole vya miguu, na Kito, mbwa wa mwalimu, kwa miguu ya nyuma.

"Mtazame Kito!" mwalimu alifoka mbele ya darasa zima. "Shingo juu, tumbo ndani, wala hanililii vidole vinamuuma. Wewe una nini?"

Wenzake wakaangua kicheko. Miaka tisa Sikudhani alikuwa akila pale tu mwalimu alipomruhusu, akilisubiri neno "vizuri" kama anayesubiri mfupa, na sasa kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimelowa damu.

Bi Eufrasia akatoa biskuti mbili mfukoni. Ya kwanza Kito aliidaka hewani. Ya pili ikatua miguuni pa Sikudhani.

"Haya, na wewe chukua. Leo umejitahidi."

Safari hii hakucheka mtu. Sikudhani aliikanyaga ile biskuti, akaisaga mpaka ikawa unga. Kisha akavua viatu na kumtupia mbwa.

"Mvishe huyo. Onyesho la Jumamosi acheze yeye."

"Ukitoka hapa hurudi, mshenzi wewe!"

"Nani kakwambia nataka kurudi?"

Akaenda mlangoni peku. Nyuma yake yakalia makofi mawili. Alisikia kucha za Kito zikikwaruza sakafu, mbwa akisimama. Yeye hakugeuka, hata shingo hakuipinda. Lakini aliposhika kitasa na kutazama chini, aliona visigino vyake vyote viwili vimeshainuka.