Kumsaka Bwana Kopa

Cooper wa leo alikuwa amefariki angali ananyonya, kwa hiyo hangeweza kumzaa mtu yeyote, seuze babu yake Maulid. Maulid akamfuta kwenye simu, akamfungua Cooper mwingine.

"Huyu naye?" aliuliza Najat, ameegemea maboksi ya taa yaliyokuwa yakingoja gari la kwenda bandari ya Nansha kupakiwa melini.

"Baharia. Afisa wa nne! Ila hakuwahi kufika Unguja."

"Laoban, bosi wangu, Mwingereza wako mei you," alisema Najat, kama wanavyosema wauza duka wa Guangzhou bidhaa inapokuwa hakuna. "Tafuta babu mwingine."

Maulid hakucheka. Alikuwa anampenda Najat hata usingizi haumpati vizuri, na baba yake Najat, Mzee Abdulhadi, alikuwa ameikalia posa yao kama kuku anayeatamia. Siku Maulid alipokwenda kujitambulisha ofisini kwa mzee, barabara ya Huanshi Zhonglu, aliulizwa kwao wapi.

"Unguja, Kajificheni, mzee wangu. Ile nyumba yenye mlango wa njumu. Nimeirithi mimi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Nyumba ile mliipataje?"

"Kwa babu."

"Na babu aliipataje? Niletee jibu la kweli, ndipo tuzungumze habari ya binti yangu."

Maulid akaona hapo ndipo pa kutamba. Kwao hadithi ilikuwa moja tu, aliyoiacha marehemu Bi Kazija, shangazi wa baba yake: mzungu wa nne wa Kopa ndiye aliyemchukua bibi, ndipo nyumba ikawa yetu. Basi hiyo si damu ya Kiingereza? Kopa ni Cooper, hata mtoto anajua. Tangu siku ile akawa anakunywa chai ya maziwa saa kumi juu ya alama na kulalamikia mvua. Akachambua vitabu vya ubatizo vya karne ya kumi na tisa, majina ya mabaharia, mawe ya makaburi. Kina Cooper walijaa Uingereza kama dagaa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na adabu ya kupita Unguja.

Najat alimshauri atunge mmoja. "Mpe kofia na kiko, baba atajuaje?" Lakini Maulid aliogopa. Kumkosa Najat kwa ukweli kungemuuma. Kumkosa kwa uongo kungemmaliza kabisa.

Ijumaa baada ya swala alimkuta mzee mkahawani, anacheza karata na wazee wenzake wa Unguja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kaa, tukugawie."

"Ahsante, lakini kwetu karata ni mwiko, hata kuzigusa. Sijui kwa nini."

"Aa," alisema mzee, na wenzake wakatazamana. "Haya, lete jibu."

Maulid akakohoa, akajinyoosha kama balozi. "Huyo Mwingereza nimemtafuta mpaka nimechoka, sikumpata. Ninayo maneno ya Bi Kazija tu. Mzungu wa nne wa Kopa ndiye aliyemchukua bibi, ndipo nyumba ikawa yetu."

Mzee mmoja akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka kwenye bakuli la supu.

Mzee Abdulhadi hakucheka. Alipekua karata zilizokuwa mezani, akamtoa malkia wa kopa, akamlaza mbele ya Maulid.

"Huyu ndiye bibi."

Akapekua tena. Akamtoa mfalme wa kopa, na ndevu zake na upanga wake, akamtandika juu ya malkia kwa kishindo.

"Na huyu, mwanangu, nyinyi vijana mnamwita kingi. Wazee wetu walimwita mzungu wa nne. Kwa karata hiyo babu yako alishinda nyumba."

Maulid akamtazama babu yake wa karatasi. Kweli alikuwa mweupe.

"Kwa hiyo posa yangu, mzee wangu..."

"Posa nimekubali," alisema Mzee Abdulhadi, akikusanya karata. "Mahari ya Najat ni nyumba ile ya babu yangu."