Ng'ombe wa Kwenye Kadi

Skrini ilipowaka katika kibanda cha fundi wa michezo ya video hapa Bunia, Abigaël aliona ng'ombe wanne wamesimama zizini. Kila mmoja alikuwa na jina la ng'ombe wa baba yake kule Djugu.

Kaka yake ndiye aliyewapa majina hayo. Alipouawa, kadi ndogo ya kuhifadhia mchezo huo ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na shati hilo ndilo pekee lililorudi nyumbani.

"Hii mchezo ni ya zamani, dada," fundi alisema. "Ile ya mpira na ya vita wanatengenezaka upya. Hii walisahau. Na kadi yako iko inakufa."

"Ng'ombe iko na njaa," Abigaël alijibu.

Akabonyeza vifungo polepole, akajaza nyasi kwenye hori moja baada ya jingine. Ng'ombe wakainamisha vichwa, wakala.

Skrini ikauliza kwa Kifaransa kama ahifadhi: Oui, ndiyo, au Non, hapana.

"Ngoja kwanza," fundi alisema. "Ukiweka Oui, siku ya mwisho kaka yako alicheza inafutika. Yako ndiyo inabaki."

Abigaël akatazama tarehe iliyoandikwa pembeni. Ilikuwa Jumapili, siku mbili kabla ya shambulio lililomuua kaka yake. Jioni ile alicheza huku akicheka peke yake.

Akasogeza alama mpaka kwenye Non, akabonyeza, kisha akageuza uso upande asione mahori yakirudi kuwa matupu.