Taa za Pikapu

Mume alilipiga teke gurudumu la mbele, kisha akaubamiza mlango wa pikapu hadi kioo kikatetemeka.

"Taa zimegoma tena! Watu wanakuletea magari kutoka mitaa ya mbali, wanakuita Mama Waya, la nyumbani kwako linakushinda!"

Mama Waya alikuwa ameshafungua boneti na kuinamia ndani. Jua lilikuwa linazama. Tangu mumewe apate kibarua cha kulinda ghala ng'ambo ya mto, alikuwa akiondoka saa hizi na kurudi alfajiri. Shati lake lilinukia sabuni. Mkewe ndiye aliyelifua na kulipiga pasi mchana ule, ili msimamizi wa huko asimdharau.

"Leo panda basi," mkewe alisema.

"Basi gani linafika huko? Kesho nalipeleka kwa fundi mwingine. Fundi mwanaume."

Akaingia ndani. Kupitia dirishani, Mama Waya alimsikia mama mkwe wake akipakua chakula.

"Basi si ukae tu, mwanangu, ule na mkeo," bibi yule alisema, sauti imetulia kama ya mtu aliyepata alichokitaka.

Mama Waya aliikamata spana kwa nguvu hadi vidole vikamuuma. Mama mkwe hakuwahi kumpenda, hilo alilijua tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani. Bibi alizitazama kucha zake zenye weusi wa grisi, akauliza kama huwa zinatakata. Tangu hapo waliishi chini ya paa moja kwa salamu za adabu na kukwepana jikoni.

Asubuhi hakwenda gereji. Alianza upya, kama vile gari limeletwa na mtu asiyemjua. Balbu alizifunga moja kwa moja kwenye betri, zikawaka. Fyuzi ilikuwa nzima. Swichi alikuwa ameibadilisha taa zilipozima mara ya kwanza; ilikuwa kuukuu na akaibebesha lawama. Mara iliyofuata aliukwangua kutu waya unaoshika kwenye bodi. Kila mara taa ziliwaka vizuri, na kila mara, baada ya siku chache, zikafa. Gari la zamani halikosi visingizio, na yeye alikuwa amevikubali vyote.

Sasa alishika taa yake ndogo ya kupimia. Umeme uliingia kwenye swichi. Ukatoka. Mbele haukufika.

Akalala chali chini ya dashibodi na kupapasa waya mmoja mmoja, hadi vidole vikagusa tepu. Ilikuwa imezungushwa kwa kubana, sawasawa, ncha imekunjwa kwa ndani. Yeye hafungi hivyo. Alipoibandua, waya ukaachana vipande viwili.

Waya uliochoka hukatika ovyo, nyuzi zikachanuka. Ulioungua huwa mweusi. Huu shaba yake iling'aa, na ncha zote mbili zilikuwa sawa kama zimepimwa.

Ulikuwa umekatwa.

Jioni zote zile za kutukanwa! Kulala akijiuliza kama ameisahau kazi aliyoisotea ujana wake wote! Na huku kuna mtu anakula naye sahani moja, anamtazama akihangaika, anacheka kimoyomoyo.

Akauunga waya. Akawasha taa, akatangaza kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Zimepona! Mimi naenda kazini!"

Alibeba mkoba wake wa vifaa hadi kwenye kona, akazunguka nyuma ya nyumba za majirani, akarudi kwa mlango wa uani. Mumewe alikuwa bado anakoroma. Mlango wa pikapu ulikuwa wazi. Miguu miwili ilining'inia nje, kandambili zimepangwa vizuri chini, na kutoka ndani ilisikika sauti ya mkasi ukibana.

"Mama!"

Mama mkwe alijivuta nje taratibu, kilemba kimekwenda upande, mkasi wa kushonea mkononi.

"Kumbe ni wewe!" Mama Waya alifoka. "Nakupikia, nakufulia, ukiumwa nakesha na wewe, nakuita mama! Kama hunitaki, si uniambie usoni? Mpaka unidhalilishe kwa mume wangu nionekane fundi wa bure? Sasa namwamsha. Utamweleza mwenyewe, na mkasi huohuo mkononi!"

Akageuka kuelekea nyumbani. Mkono wa bibi ukamdaka kwenye kiwiko, ukamshika kwa nguvu asizomdhania.

"Usimwamshe."

"Niachie, Mama."

"Nilikuwa nakuangalia ukitengeneza. Mwanzo nililegeza tu waya za swichi, kisha ule wa bodi, hadi nikajifunza pa kukata." Bibi aliketi kwenye ukingo wa kiti, bila kumwachia. "Nilimsema, hakusikia. Nikamlilia, akaniambia nikifungua mdomo sitamwona tena. Mimi ni mama yake, ningefanya nini?"

"Ulimsema kuhusu nini?"

Bibi aliutazama mkasi, kisha akamtazama mkwewe.

"Ng'ambo ya mto hakuna ghala, mwanangu. Kila ukizitengeneza taa hizi, unammulikia mumeo njia ya kwenda kwa mke mwenzio."